Shawa Haichemshi Maji? Anzia Kwenye Tangi

Simu huanza kuingia mwishoni mwa Juni, baridi ya Nairobi inapokaza, na nyingi husema neno moja: "Fundi, instanti imekufa, njoo na nyingine." Nikifika, mara nyingi nakuta instanti, yaani shawa ya umeme inayochemsha maji papo hapo, ni nzima. Kilichoharibika kiko kwingine: kwenye tangi, kwenye koki, kwenye waya nyuma ya ukuta, au ni maji yenyewe, yaliyorudi usiku baada ya siku za mgao yakiwa yamejaa hewa na matope. Inaniuma kuona mtu ametoa pesa ya karo kununua shawa mpya ya umeme, kisha mpya nayo inakataa vilevile.

Maji ya nyumba zetu yana safari ndefu. Sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, mengine Sasumua na Ruiru, kisha mitaa hugawiwa kwa zamu. Kwa sababu ya zamu hizo, karibu kila ploti ina tangi la chini, pampu, na tangi jingine juu ya paa. Hitilafu ikitokea popote katika njia hiyo, wewe utaionea bafuni, na utailaumu shawa kwa sababu ndiyo iliyo mbele ya macho.

Kabla hujagusa chochote, zima breka ya shawa kwenye kibao cha stima. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi, maana kuna nyumba nyingi ambako swichi hiyo hukata waya mmoja tu. Pima kwa testa. Anayeishi nawe ajue kwamba umezima na asiwashe.

Maji ni vuguvugu tu

Hili ndilo lalamiko kubwa la Julai, na jibu lake ni hesabu ndogo. Instanti ya wati 5,500 ina nguvu zake hizo hizo, iwe Januari au Julai. Maji yakipita polepole yanapata moto mwingi, yakipita mbio yanapata kidogo. Tuseme maji ya tangini asubuhi yako digrii 16. Yakipita lita 6 kwa dakika, yatatoka kama digrii 29, na utatetemeka. Yakipita lita 4, yatafika 36. Yakipita lita 2 na nusu, yatafika 47, na hapo utahitaji kuongeza maji kidogo.

Chukua ndoo ya lita 10 na simu yenye saa. Weka ndoo chini ya shawa uone inajaa kwa muda gani. Ikijaa kwa dakika moja na nusu, hita yako haina tatizo. Maji yanapita mbio mno. Punguza koki inayoingiza maji kwenye shawa mpaka ndoo ijae kwa dakika tatu au nne. Kuna aina zinazokuja na kipande kidogo cha plastiki chenye tundu jembamba cha kuweka mahali maji yanapoingilia. Mafundi wengi hukitupa pamoja na karatasi ya maelezo. Kazi yake ni kupunguza kasi hiyo.

Hapa ndipo majirani wa ghorofa moja hubishana bila kuelewana. Wa chini kabisa anasema shawa yake haina moto, wa juu kabisa anasema yake haiwaki kabisa, na wote wanatumia tangi moja. Kila mita moja ya kimo kutoka kwa maji ya tangi hadi shawani huongeza presha ya takriban baa 0.1. Aliye ghorofa ya chini, mita 15 chini ya tangi, anapata baa moja na nusu: maji yanakimbia, hayapati nafasi ya kuchemka. Aliye ghorofa ya juu ana mita moja au mbili tu juu ya kichwa chake, ingawa tangi linamkaribia kuliko wote. Dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine, kwa hiyo usiige alichofanyiwa jirani.

Ikiwa ndoo inajaa kwa kasi nzuri na maji bado ni vuguvugu, tazama saa. Je, ni saa moja jioni, wakati mtaa mzima unapika na kupiga pasi? Umeme wetu ni volti 240. Ukishuka hadi 200, shawa hupoteza karibu theluthi moja ya nguvu zake. Jaribu tena saa kumi na moja alfajiri. Tofauti ikiwa kubwa, tatizo ni laini ya stima na si shawa. Wa kulitatua ni fundi wa umeme akianzia kwenye mita, maana wakati mwingine ni maungio yaliyolegea ndani ya ploti yenyewe.

Sababu ya tatu: kile kiswichi cha kuchagua joto. Ikiwa alama moja inachemsha na nyingine haichemshi kabisa, sehemu ya koili imekatika au nyuso za kiswichi zimeungua. Koili inauzwa peke yake, na ni nafuu kuliko shawa mpya.

Maji yanatoka, lakini ni baridi kabisa

Fungua shawa huku mwenzako akitazama mita ya tokeni. Kwenye mita kuna kitaa kidogo kinachopepesa kadiri stima inavyoliwa. Kikianza kupepesa mbio mara maji yanapofunguliwa, shawa inakula umeme na inachemsha. Rudi kwenye hesabu ya ndoo.

Kikikaa vilevile, sikiliza shawa yenyewe. Ndani ya instanti kuna mpira mwembamba. Maji yanapoingia huusukuma, nao hubana nyuso mbili za shaba zikakutana, stima ikapita. Ukiwa kimya utasikia mlio mdogo, *tak*. Usiposikia mlio, presha haitoshi kuusukuma mpira, au mpira umechanika, au uchafu umejaa chini yake. Ukisikia mlio na bado maji ni baridi, basi ni koili iliyokatika au stima isiyofika.

Kwa presha ndogo ya ghorofa ya juu kuna njia tatu, na ningezifuata kwa mpangilio huu. Kwanza safisha: fungua uso wa shawa wenye matundu, uloweke kwenye siki usiku kucha, kisha toa kile kichujio kidogo cha mahali maji yanapoingilia, ukioshe. Mara nyingi kazi huishia hapo. Pili, zungumza na mwenye nyumba kuhusu bomba linaloshuka kutoka tangini. Ukikuta nusu inchi inalisha nyumba nne, hakuna shawa itakayofurahi. Bomba pana, au stendi ya tangi iliyoinuliwa mita moja na nusu zaidi, hunufaisha ghorofa nzima. Pampu ndogo ya kuongeza presha iwe ya mwisho, maana ni kifaa kingine cha stima kitakachoharibika siku moja.

Koili iliyokatika inahitaji maelezo marefu kidogo, maana sababu yake kubwa hapa Nairobi ni mgao. Koili ya instanti ni waya mwembamba ulio wazi, na kinachouokoa usiyeyuke ni maji yanayoupitia. Tangi likikauka, mabomba hujaa hewa. Maji yakirudi, hutoka kwa kukohoa: hewa, maji, hewa, maji. Ukiwa umewasha stima wakati huo, presha inayoruka-ruka hubana zile nyuso za shaba huku koili imezungukwa na hewa. Sekunde chache zinatosha.

Kwa hiyo siku maji yanaporudi, fungua kwanza koki ya chini kabisa nyumbani, ya jikoni au ya nje, mpaka maji yatoke mfululizo na yawe safi. Kisha fungua shawa ikiwa imezimwa kwenye breka, iache ikohoe mpaka itulie. Ndipo uwashe. Fanya vivyo hivyo kila unapobadilisha koili: jaza maji kwanza, stima baadaye. Wafundishe hata watoto wakubwa na dada wa nyumbani, kwa sababu wao ndio huwa wa kwanza bafuni asubuhi maji yakirudi.

Na usifunge kamwe mlango wa kutokea maji. Shawa hizi zimeundwa maji yafungwe upande wa kuingilia peke yake. Ukiweka mpira wa mkononi wenye kitufe cha kuzuia maji mbele yake, presha itabaki ndani na plastiki inaweza kupasuka.

Breka inaanguka

Angalia inaanguka lini. Ikianguka papo hapo unapowasha, kuna waya zinazogusana, au koili imekatika na kugusa mahali pasipofaa. Usiirudishe mara tatu nne ukitumaini itatulia. Acha imezimwa, mwite fundi.

Ikianguka baada ya dakika tano au kumi, kuna kitu kinachopata moto. Shawa ya wati 5,500 huvuta ampia 23 hivi. Waya wake usiwe chini ya milimita mraba 4, na ikiwa kibao cha stima kiko mbali, 6 ni bora. Nyumba nyingi za kupanga nilizofungua nimekuta 2.5, waya wa soketi za kawaida, umepelekwa bafuni kwa sababu ulikuwa rahisi. Waya huo hupata joto ndani ya ukuta. Gusa uso wa swichi ya shawa baada ya kuoga, ukiwa umekausha mikono: ukiwa moto, au ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, acha kuitumia leo.

Mahali pengine ni pale waya za ukutani zinapokutana na za shawa. Kiungio kidogo cha plastiki chenye skrubu hulegea, huungua, huwa cheusi. Kiungio cha udongo wa kauri hudumu zaidi. Na kuna kosa ambalo ningependa likome kabisa mjini: breka inaanguka kila siku, mtu anaiondoa na kuweka kubwa zaidi. Sasa haianguki, ila waya ndio unaoungua.

Unahisi umeme ukigusa koki au maji

Hapa hakuna la kujaribu. Toka bafuni, zima breka, na asiogee mtu hapo mpaka fundi apime. Hata ule mwasho mdogo kama wa sisimizi ukishika koki ya chuma ni onyo kamili. Mtu aliyelowa, miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji, hana kinga yoyote.

Chanzo kikubwa ni waya wa ardhini kutofungwa. Ule waya wa kijani na manjano unaotoka kwenye shawa, fundi wa haraka huukunja na kuuficha nyuma, kwa sababu shawa inachemsha hata bila huo. Katika nyumba nyingine umefungwa vizuri bafuni, lakini huko kwenye mita haujaunganishwa na chuma chochote kilichozikwa ardhini. Mwambie fundi apime mpaka mwisho wake, na uchukue mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kawi, mwombe akuonyeshe. Mwambie pia aweke kwenye kibao kile kikata-umeme kinachohisi stima inayovuja, cha miliampia 30.

Chanzo cha pili ni chumvi. Maji ya visima vya Syokimau, Kitengela na Mlolongo yanajulikana kwa chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko ya bomba la jiji. Instanti ya kawaida, ambayo koili yake iko uchi ndani ya maji, haifai huko. Ziko zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambazo koili imefunikwa ndani ya bomba la chuma. Na kumbuka kwamba bowza likileta maji ya kisima siku za ukame, tangi lako la maji matamu linageuka la chumvi bila wewe kuambiwa. Onja tone moja kwenye ulimi kabla ya kuoga.

Ukiwa mpangaji na keyateka anakwambia "vaa tu ndara", mwandikie mwenye nyumba ujumbe wenye tarehe na uache kutumia shawa hiyo. Chemsha maji kwenye sufuria. Ni usumbufu, najua, lakini hakuna kuoga kunakolingana na maisha ya mtoto.

Maji ni machache nyumba nzima

Kama ni koki moja tu inayotoa kidogo, safisha kichujio chake. Kama ni nyumba nzima, panda juu. Gonga tangi ubavuni: palipo na maji hutoa sauti nzito, palipo tupu husikika kama ngoma. Likiwa limejaa na koki hazitoi, kuna hewa imekwama kwenye bomba, hasa pale linapopanda kisha kushuka. Fungua koki zote za chini kwa wakati mmoja na uziache robo saa. Bomba linaloshuka mfululizo bila kupanda tena haliwi na shida hii.

Likiwa tupu ilhali mtaa una maji, tazama boya. Mkono wake hukwama, au vali yake hujaa mchanga. Likifurika usiku, ni boya hilo hilo, limeingia maji na kuzama.

Pampu inajiwasha usiku bila mtu kufungua maji

Maji yanatoroka mahali. Anza chooni: mimina kikombe cha chai ya rangi iliyokolea ndani ya tangi la choo, usipige maji kwa dakika ishirini. Ukiona rangi kwenye bakuli, mpira wa chini unavuja. Kama choo ni kizima, kagua vali isiyoruhusu maji kurudi kwenye tangi la chini.

Ikiwashwa na kuzimwa kila sekunde chache wakati wa kuoga, lile puto la presha, kitangi chenye upepo kilicho kando ya pampu, limepoteza upepo. Zima pampu, mwaga maji yote yaliyo kwenye laini, pima upepo kwa geji ya gari. Uwe baa 0.2 chini ya presha ambayo pampu hujiwasha. Maji yakitoka pale pa kujazia upepo, mpira wa ndani umepasuka.

Pampu inayovuma bila kuzunguka izimwe hapo hapo. Mara nyingi ni kapasita, kitu kidogo cha bei nafuu, lakini ukiiacha ivume inaunguza mota. Inayozunguka bila kuleta maji imemeza hewa: jaza maji kupitia kifuniko chake cha juu, na uangalie vali iliyo mwisho wa bomba la kuvutia. Weka swichi ya boya kwenye tangi la chini ili pampu isizunguke kavu.

Maji ya kahawia, au yenye harufu

Kahawia ya saa chache baada ya mgao ni tope lililokaa kwenye mabomba ya mtaa. Funga vali inayoingia tangini kwa nusu saa za mwanzo, uyamwage kupitia koki ya nje, umwagilie sukuma. Kahawia ya kila siku ni kutu ya mabomba ya zamani ya chuma, au tangi lisilooshwa.

Tangi lioshwe angalau mara mbili kwa mwaka. Mwaga maji yote, sugua kwa brashi bila sabuni, toa tope la chini kwa kikombe, usitegemee bomba la kutokea. Kisha jaza, na kwa tangi la lita 1,000 tia lita moja na nusu ya dawa ya klorini ya nyumbani yenye nguvu ya asilimia 3.5, isiyo na manukato. Fungua kila koki mpaka uisikie harufu yake, funga, uache muda wa saa 4 au zaidi. Maji hayo hayanywewi wala hayaogewi. Mwaga yote, ujaze upya. Tangi la ardhini usimtume mtu aingie peke yake: hewa ya humo inaweza kumzimisha kabla hajaita.

Maji ya kisima yana neno moja la ziada. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na kuchemsha hakuiondoi. Kuoga ni sawa. Ya kunywa, hasa kwa watoto ambao meno bado yanaota, tafuta mengine.

Wenye tangi la maji moto au sola

Tangi la lita 50 lenye koili ya wati 1,500 huchukua kama saa moja na dakika arobaini kutoka digrii 18 hadi 60, kwa hiyo likikupa baridi baada ya nusu saa halina kosa. Likinguruma kama birika, ukoko umefunika koili. Maji moto yakitoka na kutu ilhali baridi ni safi, kile kijiti cha magnesi kinacholiwa badala ya tangi kimekwisha. Kikaguliwe kila mwaka au miwili. Vali ya usalama kudondosha matone wakati wa kuchemka ni kawaida. Ikimwaga mfululizo, themostati imekwama au presha imezidi. Usiizibe hata kwa siku moja, hata kama inalowesha dari.

Sola ya mirija ya kioo hulala Juni hadi Agosti kwa sababu ya mawingu ya mfululizo, na hapo ndipo koili yake ya umeme inapohitajika. Hakikisha inafanya kazi mwezi wa Mei, kabla ya baridi. Tangi la sola likikauka siku ya mgao, usilijaze saa sita mchana hata maji yakirudi saa hiyo. Mirija iliyo tupu juani huwa na moto mkali, na maji baridi yakiigusa hupasuka mmoja baada ya mwingine. Funga vali yake, subiri jua litue, ujaze usiku.